Mukono Mumoja wa Kiti cha Pweza

Keshero, Goma
Jumatano jioni

Masika mwanangu,

Mambo ya sufuria, ya blanketi, ya dawa ya homa na ya namna ya kukaa vizuri na ndugu za mume wako, shangazi yako amekuambia wiki nzima, nami nilikuwa nasikia kutoka barazani. Sitayarudilia. Kesho asubuhi mutapanda meli ya kwenda Bukavu, wewe na Paluku, kisha Uvira, kisha Kigoma, kisha gari la moshi mpaka Dar es Salaam, pale Paluku amepata kazi ya komi, karani wa mizigo, kwenye gati ya Wabelgiji. Njia hiyo naijua. Niliipita miaka saba iliyopita nikifuata muzungu, na nilikuwa mwisho wake, pwani, siku mama yako alipokufa.

Hujaniuliza kamwe. Ulikuwa na miaka kumi na mumoja. Siku niliyorudi nilikukuta kwa Mama Tereza, jirani yetu, unapeta maharagi. Hukuinuka. Ulisema, "Baba, ulikawia," kisha ukaendelea kupeta. Tangu siku ile umenipikia, umenifulia, umenitunza nilipougua, na hujanirudishia maneno hayo hata mara moja. Ningependa ungenirudishia.

Leo nakuandikia nilikuwa wapi na nilikuwa nafanya nini. Sehemu moja itakufanya umuchukie mutu mwingine. Sehemu nyingine itakufanya unichukie mimi. Soma zote mbili.

Yule muzungu watu wa hapa walimwita Bwana Machupa. Alikuwa na shamba la kahawa upande wa Rutshuru, lakini kahawa haikuwa moyoni mwake. Alitaka jina lake liandikwe katika vitabu. Alikuwa amekusanya vipepeo, vyura, konokono, na kila mara alikuta mutu mwingine amemutangulia. Halafu akasikia habari za munyama wa baharini mwenye umbo la nyota, na kwamba kule Ulaya kuna nyumba kubwa ambamo wanyama kama hao wanawekwa ndani ya chupa, na jina la aliyewapata linabandikwa chini yao. Akanichukua mimi kwa sababu nilikuwa nafanya kazi dispanseri, nilizoea chupa na alkoli, na mwandiko wangu ulikuwa safi. Mama yako alikuwa na mimba changa. Bwana alisimama mbele ya mulango wetu akamuambia, "Kavira, mume wako atarudi mbele ya mutoto kuzaliwa." Mama yako akamushukuru. Alimupa na mayai.

Mimi mutoto wa milima ya Butembo sikuwa nimewahi kuona maji yanayoondoka na kurudi. Kivu yetu inakaa mahali pake. Bahari inaondoka mara mbili kwa siku, na siku za mwezi mukubwa na za mwezi mupya inaondoka mbali sana, hata mutu anatembea kwa miguu mahali ambapo asubuhi angezama. Wenyewe wanaita bamvua. Hapo ndipo wanawake wanashuka na vyuma vyao kutafuta pweza kwenye mashimo ya mwamba.

Tulikaa katika kijiji kimoja kusini ya muji, na mutu aliyetufundisha alikuwa mujane mumoja, Bi Mwanaidi. Alikuwa mwembamba, mukali wa macho, na miguu yake ilijua kila jiwe. Siku ya kwanza alitutazama tunavyoteleza akasema, "Nyie watu wa bara mnatembea kama kuku kwenye majivu ya moto." Kisha akainama, akainua kitu chekundu chenye mikono mitano na vinundu juu ya mugongo, akakiweka mukononi mwangu. Kilikuwa kigumu kama kiatu kikavu, lakini chini yake kulikuwa na miguu midogo mamia, laini, inayonitafuta vidole.

"Sisi twakiita kiti cha pweza," alisema.

"Pweza anakikalia?"

"Sijamwona hata mmoja amekaa. Lakini jina ni jina."

Masika, utakapofika kule, mutafute mama huyu. Sababu utaiona mbele. Naye akikubali kukuchukua, shuka naye mwambani, na mambo haya uyajue kabla. Usiangalie rangi kwanza. Rangi inadanganya, na ndani ya alkoli inakufa kwa siku chache. Chekundu na bluu vyote vinakuwa rangi ya mufupa. Hesabu mikono. Kisha pindua kiti chali, tazama mifereji inayotoka kinywani mpaka ncha za mikono, na miguu iliyo ndani yake. Kama miguu ina vikombe vidogo vya kunyonya, kile ni cha mawe na majani. Kama miguu imechongoka bila vikombe, na pembeni ya mikono kuna meno kama ya kitana, ni cha muchanga. Hicho kinajizika, na utaona tu alama ya nyota juu ya muchanga uliolowa. Kuna kingine hakina mikono ya kuonekana, kimeumuka kama mukate. Usikitupe ukidhani ni jiwe, kipindue, utaona mifereji mitano. Kuna cha bluu kabisa, bluu ya sketi ya shule, ambacho utadhani mutu amekipaka. Na kuna kimoja chenye mikono mingi na miiba mwili muzima. Hicho usikishike. Kilinichoma kidole gumba cha kushoto, kidole kikavimba kama ndizi, na Bwana Machupa akaniambia nishike penseli na mukono wa kulia kwa sababu huo ulikuwa muzima.

Lakini kilichotuharibu kilikuwa kidogo, chenye madoa, si kikubwa kuliko kiganja chako. Siku moja chini ya jiwe nilikuta kimoja chenye mukono mumoja murefu, na kwenye mwisho wake wa ndani mikono mingine minne, midogo kama mahindi yanayoanza kuota. Bwana alipokiona alipiga magoti ndani ya maji na suruali yake. "Hiki hakuna mutu amekiandika," alisema. "Hiki ni changu."

Nilimuuliza Bi Mwanaidi kando.

"Huo ni mkono uliokatika," alisema. "Wajiotesha mwili. Subiri, utaona."

Sikumwamini. Mukono unaweza je kuzaa kinywa? Basi nilichukua mukono mumoja uliokatika, mutupu, nikauweka ndani ya kikapu cha waya katika kidimbwi cha mawe, na kila maji yalipotoka nilienda kuutazama. Nilikuwa na kaye yangu, daftari ya shule, si ile ya Bwana, na niliandika humo kila nilichokiona. Wiki za kwanza kidonda kilifunga tu. Kisha pakatokea vijipu vinne. Mwezi wa tatu kulikuwa na kinywa, na vijipu vimekuwa mikono. Mukono ulikuwa umejifanya munyama muzima.

Sitakuficha, nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti cha masomo. Ilikuwa mara ya kwanza kujua jambo ambalo hakuna padri wala mwalimu aliyeniambia. Na mimi mujinga nilipanga kumupa Bwana habari hiyo kama zawadi, siku ya kuondoka, ili asije akajiaibisha Ulaya.

Kazi ya kuandika ilikuwa yangu. Ndani ya kila chupa tunaweka kikaratasi, etiketi, kilichoandikwa kwa penseli kwa sababu wino unayeyuka katika alkoli. Pale panaandikwa mahali, siku, maji yalikuwa marefu namna gani, na rangi ya munyama alipokuwa muzima. Bila kikaratasi hicho chupa haina maana, ni nyama tu. Siku moja etiketi ziliisha. Bwana alikuwa anaoga, akanipigia kelele nichukue karatasi katika sanduku lake.

Chini ya karatasi kulikuwa na telegramu mbili zenye jina langu.

Ya kwanza ilitoka kwa mapadri: muke wako mugonjwa sana, kuja. Ilikuwa na siku ishirini na tatu. Ya pili ilikuwa na siku kumi na mbili. Ilisema Kavira amekufa pamoja na mutoto aliyekuwa tumboni, na kwamba Masika yuko kwa jirani.

Niliikumbuka siku ya telegramu ya kwanza. Ndiyo siku Bwana alinipa tumbaku, yeye asiyetoa kitu, akasema bamvua kubwa inakuja na anahitaji mikono yote. Kama ningeondoka siku ile, labda ningemukuta mama yako akiwa anapumua. Labda hapana. Nimehesabu meli na malori mara nyingi, na siku zingine ninafika, siku zingine sifiki. Huyu mutu aliniondolea hata kujua.

Nilizikunja telegramu kama zilivyokuwa. Nilizirudisha. Nikachukua karatasi nikatoka.

Bi Mwanaidi nilimuambia. Alikaa nami chini, nyuma ya nyumba yake. Akanipikia uji, akanisimamia mpaka nikaumaliza. Kisha akasema, "Nenda kwenu. Una mtoto."

"Nitaenda."

"Sikusema utakwenda. Nimesema nenda."

Sikuenda. Hapa ndipo ninapokuomba usome polepole. Gari la moshi lilikuwa linaondoka, nilikuwa na miguu, na wewe ulikuwa kwa Mama Tereza ukiangalia barabara. Nami nilikaa siku kumi na sita zaidi, kwa kupenda kwangu, kwa sababu nilitaka kumuharibu.

Nilimuharibu vizuri. Nilianza chupa ya kwanza, natoa kikaratasi cha kweli, naingiza kingine. Vilivyotoka kwenye majani ya bahari nikaviandikia muchanga. Vya muchanga nikaviandikia mwamba. Cha bluu nikakiandikia kwamba kilikuwa cha kijani kilipokuwa kizima. Siku za bamvua nikazichanganya na siku za maji madogo, kwa mwandiko wangu ule ule safi, nikimusikia nyuma yangu anapiga mbinja. Nilipochoka nilifikiria tumbaku ile, na uchovu uliniacha. Kila kikaratasi nilichoingiza ndani ya chupa kilinifanya nipumue. Mapadri wanasema kisasi ni kichungu. Wamekosea. Kilikuwa kitamu, na mpaka leo nikikikumbuka ulimi wangu unakionja.

Kisha nikafika kwa kile cha mukono mumoja. Tulikuwa na chupa saba za vile. Bwana alikuja, akakaa karibu yangu, akauliza, sauti yake chini kama mutu anayeulizia bibi arusi, "Kambale, unadhani vinabaki hivi? Havikui kuwa vya kawaida?"

Nilikuwa na kaye yangu mufukoni. Nilisema, "Vinabaki hivi, bwana."

"Nani anasema?"

Na mimi, ili uwongo upate miguu, nikasema, "Bi Mwanaidi. Anasema bibi yake pia aliviona hivyo tangu zamani."

"Andika hivyo. Andika na jina lake."

Nikaandika. Mwanamuke aliyenipikia uji wa musiba, nikamuandika jina lake chini ya uwongo wangu, nikaona ni hila nzuri, kwa sababu jina langu halikuwemo.

Niliporudi hapa ukaniambia nilikawia.

Miaka ilipita, nikadhani nimemaliza. Kumbe miezi miwili iliyopita, siku ulipokuwa Birere na shangazi yako kununua vitenge vya harusi, Bwana Machupa alikuja hapa Keshero kwa miguu. Amezeeka vibaya. Alisimama pale kwenye mawe meusi mbele ya nyumba, kofia mukononi, akaniita "monsieur Kambale." Sikumupa kiti.

Alinieleza. Alikitangaza kile kiti cha mukono mumoja kuwa munyama mupya, akakipa jina lake mwenyewe. Kisha wenye elimu wakakiweka kingine ndani ya sanduku la kioo lenye maji ya bahari, wakasubiri, na mikono minne ikakua ikawa sawa na wa tano. Wakarudi kutazama chupa zake zote, wakakuta hakuna hata moja inayosema ukweli. Walimucheka mbele ya watu. Chupa zimewekwa chini ya nyumba ile, na jina lake limeondolewa.

Nilikuwa nakula maneno hayo, Masika, kama mutu aliyefunga kwaresima nzima.

"Ulikuwa na kaye yako," akasema. "Nilikuwa nakuona unaandika. Nipatie. Naweza kusahihisha kila kitu."

"Telegramu zangu ulizisoma?"

Alizungusha kofia yake mukononi. Kisha akasema, "Nilidhani ni uwongo. Nyinyi kila siku kuna muke anayekufa."

"Na ya pili?"

"Ya pili alikuwa amekwisha kufa. Ungefanya nini?"

Nilishika fremu ya mulango. Kama ningeiachilia, leo ungekuwa unakuja kunitembelea gerezani. Naye hakuelewa alichosema, maana aliendelea, kana kwamba ananipa habari njema: "Yule mwanamuke aliyenidanganya amelipa, usiwe na wasiwasi. Niliwaandikia Waingereza. Alikuwa anauzia wageni makombe pale bandarini. Walimufukuza, wakatangaza kijijini kwake kwamba ni mwongo, asitumiwe tena na muzungu yeyote."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Kwa miaka saba nilikuwa nakunywa utamu wangu, na mwenye kulipa alikuwa Bi Mwanaidi.

Nilimuambia Bwana, "Kaye ninayo. Andika barua mbili. Moja kwa Waingereza, useme Bi Mwanaidi hakudanganya, aliyedanganya ni Kambale wa Goma, na sababu ni telegramu mbili ulizoficha. Nyingine kwa wenzako, useme aliyejua kwamba mukono unajiotesha mwili ni mwanamuke huyo, na aliyeuangalia mpaka ukaota ni mimi. Leta nizisome. Nitakupa kaye siku hiyo hiyo."

Akacheka kidogo, si kwa dharau, kama mutu aliyeombwa mwezi. "Nitaandika je kwamba nilifundishwa na mutafuta pweza na infirmye wa dispanseri?"

"Basi kufa na chupa zako."

Akavaa kofia. Akasema atarudi na karatasi ya administrateur, mukubwa wa serikali hapa, na kaye itachukuliwa kwa nguvu. Najua anaweza. Jana mutoto wa Mama Tereza alimuona kwenye ofisi ya administrateur, amekaa kwenye benchi, anasubiri.

Kwa hiyo kaye inaondoka kesho nawe. Nimeishona ndani ya ule mutandio wa kitanda shangazi yako aliokupa. Paluku anajua. Ukifika, uliza kijiji nilichokuandikia nyuma ya karatasi hii, mupate Bi Mwanaidi, umupe mukononi. Mupigie magoti kama unavyomupigia bibi yako. Usimuambie kwamba baba yako alikuwa na uchungu, uchungu wangu aliuona mwenyewe. Muambie nilichofanya: nililitumia jina lake kama ngao, na sikuweka langu. Akikufukuza, ondoka, rudi siku nyingine. Akikutukana, matusi hayo ni yangu, niandikie yote bila kupunguza.

Kaye ni yake. Akitaka kuwashia moto wa kukaushia pweza, awashe. Akitaka kuwapelekea Waingereza, ukurasa wa mwisho nimeandika kila kitu na kuweka sahihi, na sasa jina lililo chini ni langu. Akitaka kumupa Bwana Machupa, ampe. Lakini ataiomba yeye mwenyewe. Kesho meli ikiisha kuondoka, Mama Tereza atamupelekea habari yangu pale ofisini: kitu unachotafuta hakiko Goma tena, kiko kwa mwongo wako. Akitaka kurudishiwa jina lake, apande meli, apande lori, apande gari la moshi, na mwisho wa safari avue viatu, atembee juu ya mwamba wenye miiba mpaka kwa mwanamuke huyo, amusubiri amalize kazi yake. Mimi sitakuwapo kumuona, na hilo ndilo ninalosikitika.

Utasema mimi sijabadilika. Ni kweli. Sikukuandikia ili nikufundishe kusamehe, kwa maana sijui namna wanavyofanya. Najua tu kwamba nilikuwa na siku kumi na sita, na nilikuwa na mutoto anayeangalia barabara, nikachagua muzungu. Chuki yangu kwake ilikuwa ya haki, lakini niliilisha chakula chako. Ukimuchukia mutu huko uendako, na utamuchukia, kwa maana umezaliwa na mimi, muchukie ukiwa umekaa karibu na watoto wako.

Swali moja nililotaka uniulize miaka yote hii nitalijibu hata kama hukuliuliza. Ndiyo, ningeweza kurudi mapema.

Meli inapiga honi ya kwanza saa moja. Nitakuwa gatini, nitabeba muzigo ule muzito. Kama ukisha kusoma hutaki kuniaga, panda tu, usigeuke, nitaelewa, nami nitasimama pale mpaka meli ipotee nyuma ya kisiwa cha Idjwi. Lakini akija Bwana Machupa kule kwako siku yoyote, amechoka, amezeeka, anakuomba maji na akuulize kama Kambale amemusamehe, mupe maji.

Halafu muambie hapana.

Baba yako aliyekawia,
Kambale